Mikeka ya Nani? Uchambuzi wa Kisa cha Klabu Moja ya Judo Pwani

Kabla ya yote

Mji siutaji, shule siitaji, majina ya watu hayamo na miaka nimeihesabu kuanzia siku klabu ilipoanza (mwaka wa 1, wa 2, hivyo hivyo) ili mtu asianze kukokotoa nani ni nani. Mi nilianza pale kama mwanafunzi, baadae nikawa mweka hazina, kwa hiyo msinitegemee niwe refa, kuna mahali nimeharibu mimi mwenyewe na nitapasema. Nimeandika kwa ajili ya wenye klabu ndogondogo, iwe judo, karate, ngumi, hata za jogging, manake ugonjwa uliotupata sisi nimeuona kwa wengine wengi tu.

Usuli: judo ilifikaje kwetu

Ililetwa na mwalimu wa Kijapani, kijana wa kujitolea aliyekuja kufundisha hesabu sekondari. Japani inaleta watu wa kujitolea Tanzania tangu 1967 kwa hiyo huyu hakuwa ajabu, ajabu ilikuwa begi lake, ndani mna judogi mbili, zile nguo za kuchezea judo, na mkanda mweusi. Jioni ya kwanza tulimkuta nyuma ya mabweni kwenye nyasi, yuko peke yake, anajirusha chini, anapiga ardhi kwa mkono, paa, anainuka, anajirusha tena. Habari zikafika jikoni kwamba mwalimu mgeni kapandisha mashetani. Wiki ya pili tulikuwa watu 11 tunaanguka nae.

Kile alichokuwa anafanya kinaitwa ukemi, yaani kujifunza kuanguka. Kidevu unakibana kifuani kichwa kisiguse chini, mkono unaupiga chini kwa nguvu wakati mgongo unafika, na pumzi unaitoa. Mwezi mzima hakuna aliyemshika mwenzake, ni kuanguka tu, nyuma, kulia, kushoto, mbele kwa kubingirika. Watano wakachoka wakarudi kwenye mpira. Nafasi zao wakaja wapya, na mwalimu akawarudisha wote mwanzo, na sisi pia, twende tuanguke tena. Naomba hili la kuanguka mlishike, nitalirudia huko mbele na si kwa furaha.

Kila tukilalamika hatuna mikeka alikuwa na jibu moja. Alisema Kano Jigoro, mwenye judo yake, alianza Tokyo 1882 akiwa na miaka 21, kwenye chumba cha kuazima ndani ya hekalu la Eishoji, tatami 12 basi, yaani mikeka ya Kijapani. Tatami moja ni kama mita 2 kwa 1, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, Kodokan, shule yake ya judo, yote ile inayojulikana dunia nzima ilianzia kwenye eneo la sebule. Sisi tulikuwa na uwanja mzima wa nyasi, na michongoma pia.

Mkeka wa kwanza

Mwaka wa 1 mwishoni ndo tukatengeneza mkeka wetu. Nauelezea kwa urefu kidogo kwa sababu utarudi tena kwenye kisa, na pia kuna watu wataupenda kwa matumizi yao.

Mji wetu una mafundi wa majahazi na mashua, na penye fundi mashua pana maranda. Tulikuwa tunaenda na magunia ya salfeti jioni wakishafunga kazi tunazoa bure, mzee mwenye yadi alikuwa anafurahi manake tunamfagilia. Tukapigilia fremu ya mbao upande wa nje, pande zote nne mita sita sita, tukamwaga maranda unene wa kama nusu futi, tukayashindilia kwa miguu, watu tunaruka ruka kama tunacheza ngoma, tukamwaga tena, tukashindilia tena, alafu juu tukavuta turubai la plastiki lile la bluu na kulifunga kamba kwenye misumari pembeni.

Ulifanya kazi. Ila ulikuwa na tabia zake. Turubai la plastiki likilowa jasho linateleza kama sabuni, na ukiburuzwa linachuna ngozi ya goti. Alafu maranda yanahama. Pale katikati wanapoangushiwa watu panachimbika bakuli na pembeni panavimba, usiposawazisha kila Jumamosi mtu anakanyaga bonde na kifundo cha mguu kinaondoka. Wakati wa masika likipenya tone moja chini yake, basi wiki nzima tunafanya mazoezi juu ya harufu ya uji uliochacha.

Tatami 50 na barua moja

Mwaka wa 4 mwalimu anakaribia kurudi kwao, akahangaika na watu wake Japani, zikapatikana tatami 50 zilizotumika, zile za kisasa za sponji ngumu zenye ngozi ya plastiki juu, kijani na nyekundu. Mita 100 za mraba. Hazitoshi kuandaa mashindano ya kimataifa, manake kule uwanja wa kupigania peke yake ni mita 8 kwa 8 mpaka 10 kwa 10 na lazima pembeni kuwe na eneo la usalama mita 3 kila upande, lakini kwa mazoezi ilikuwa pepo.

Hapa ndo ulifanyika uamuzi wa kwanza mkubwa, na wakati ule hakuna aliyeuona kama ni uamuzi. Mzigo unahitaji jina la mpokeaji, anwani, sahihi na mhuri. Klabu haikuwa na mhuri. Klabu haikuwa na chochote kwa kweli, haijasajiliwa popote, haina katiba, haina akaunti, ilikuwa ni jina tulilochora kwa rangi kwenye ukuta. Shule ina mhuri. Kwa hiyo barua ikaandikwa kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule wa wakati ule, mtu mwema kabisa, akasaini kwamba shule imepokea mikeka 50. Klabu haikutajwa hata kwa mkato.

Kwa nini tulifanya hivyo? Kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu mkuu wa shule alikuwa mtu wetu, mtoto wake mwenyewe alikuwa anavaa mkanda wa njano. Mwalimu wa Kijapani aliuliza mara moja, kwani klabu haiwezi kupokea? Tukamwambia usijali sensei (ndo mwalimu kwa Kijapani), shule na klabu ni kitu kimoja. Hilo jibu nilikuwepo linatolewa, na nilitikisa kichwa kukubali.

Miaka ya neema

Mwaka wa 5 mpaka wa 8 mambo yalienda. Bwalo la zamani la shule likawa dojo, yaani ukumbi wetu wa mazoezi. Aliyebaki kama mwalimu ni kijana wetu wa kwanza kabisa, wa mji huu huu, nitamwita Kocha, alipata mkanda mweusi kabla sensei hajaondoka. Jamaa alikuwa anajua. Uchi mata yake, ule mrusho wa kumnyanyua mtu kwa paja, ulikuwa unajikuta uko hewani unatafakari. Walikuja vijana wa mgambo, askari wawili watatu, watoto wa mtaani, tukafika kama 60 ukihesabu na wadogo.

Kitu kimoja tulichokifanya vizuri miaka ile ni cha wasichana. Mji wetu ni wa Waislamu wengi, na judo ni mchezo wa kushikana, unamlalia mtu kifuani, sasa mzazi gani atakubali. Wazazi waliposikia tu wakaja juu. Kocha alitaka kubishana nao. Dada mmoja mkubwa kati ya wanafunzi, yeye ndo alisema tusibishane, tuwape Jumamosi asubuhi yao peke yao, milango ifungwe, yeye mwenyewe asimamie, na kina mama wanaotaka waje wakae waangalie. Wakaja kweli, na kanga zao, na mihogo ya kuchoma, wiki ya tatu mama mmoja akauliza kama kuna ya kina mama. Kuhusu kichwa walivaa kitambaa cha kubana bila pini hata moja, kama kofia ya kuogelea. Ilisaidia sana kwamba mwaka 2012 pale London, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo ya Olimpiki na kichwa kimefunikwa, baada ya mvutano mrefu kati ya wakubwa wa judo na watu wake. Pambano lenyewe halikufika dakika moja na nusu akawa ameshapoteza, lakini kwetu hiyo picha ilibandikwa mlangoni na ikamaliza ubishi zaidi ya hotuba yoyote.

Kulikuwa na choa pia. Mwaka wa 6 nusu ya watoto walikuwa na mabaka ya duara shingoni na mikononi, manake tatami tulikuwa tunafagia tu hatuzipigi deki. Tukaanza kuosha kwa maji ya dawa kila siku, mtu haingii na viatu, kucha fupi, aliye na baka anakaa benchi mpaka lipone. Likaisha. Napita hapo haraka.

Sasa angalia kilichokuwa kinajengeka chini kwa chini. Funguo ya bwalo ilikuwa moja, anayo Kocha. Ada ya mwezi, shilingi 2,000 wakubwa na 500 watoto, inaingia mfukoni kwa Kocha, na sisemi aliiba, nasema hakuna aliyeandika. Nani ana mkanda gani, nani ameanza lini, nani anaumwa pumu, vyote vilikuwa kichwani kwa Kocha. Mi nilipewa cheo cha mweka hazina mwaka wa 7 na sikuwahi kuona hazina. Niliona aibu kuuliza, manake ndiye aliyenifundisha kuanguka, utamwambiaje mtu kama huyo bro naomba daftari.

Mwaka ulioharibu kila kitu

Mwaka wa 9 mambo mawili yalitokea ndani ya miezi minne.

La kwanza, jioni moja Kocha alisafiri kwenda kwenye msiba, akampa kijana wa mkanda wa kijani asimamie. Kijana mzuri, miaka 17. Alikuja mtoto wa miaka 12, kavaa judogi ya kurithi ina mkanda wa rangi ya chungwa wa kaka yake, kwa hiyo kwa macho ni mtu anayejua. Ukweli ni kwamba alikuwa na wiki mbili. Akaingizwa kwenye randori, mazoezi huru yale ya kuangushana, akapigwa osoto gari, mguu unafagiliwa kwa nyuma na mwili unakwenda chali. Hakubana kidevu. Nilikuwa nimekaa ukutani nafunga bandeji ya kidole, ule mlio si mlio wa mkono kupiga tatami, ukishausikia mara moja unaujua. Akakaa, akacheka kidogo, akasema yuko sawa, baada ya dakika kumi akatapika.

Alilazwa usiku mmoja akaangaliwa, akapona, sasa hivi ni mtu mzima. Lakini mama yake alikuja kumchukua yeye na nguo zake na watoto sita wa mtaa wao, na hakupiga kelele hata kidogo, alituuliza swali moja tu: mtoto wangu alikuwa na siku ngapi hapa? Watu kumi tumesimama pale hakuna aliyejua kujibu.

Baadae nilisoma kwamba Japani kwenyewe watafiti walipohesabu vifo vya watoto kwenye judo ya mashuleni kuanzia 1983, walikuta zaidi ya 100 ndani ya miaka isiyofika 30, wengi ni kichwa, na walioanza karibuni ndo walikuwa hatarini zaidi, na osoto gari imo sana kwenye orodha. Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya yetu peke yetu, ni mahali panapojulikana pana shimo.

La pili, mkuu wa shule alihamishwa. Mpya akaja na wanafunzi wengi kuliko madarasa, kama shule nyingi, akalitaka bwalo la zamani liwe madarasa mawili. Haki yake. Akatupa wiki mbili. Kocha akamjibu vibaya, alimwambia tatami ni zake, aliachiwa na sensei kwa mdomo, na yeye haondoki. Mkuu mpya akaenda kwenye faili, akatoa ile barua. Shule imepokea mikeka 50. Sahihi. Mhuri. Tatami zikaingia stoo ya shule, kufuli ikabadilishwa, na Kocha akaambiwa akitaka aende anakojua.

Maamuzi, mazuri na mabovu

Tulikutana kwenye baraza ya nyumba ya yule dada, watu 14, joto la hatari, umeme hakuna. Kulikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza twende kwa mkuu wa wilaya tukashtaki. Ya pili tumbembeleze mkuu wa shule tukiwa na wazee. Ya tatu tuachane na tatami, tuanze upya kwa maranda.

Ya kwanza ndo iliyokuwa na washangiliaji wengi. Iliyotuzuia ni swali la mzee mmoja, baba wa mwanafunzi, karani mstaafu, aliuliza: mkifika kule mtajitambulisha ni nani? Tukajibu klabu ya judo. Klabu ipi, namba yake ya usajili ngapi? Kimya. Miaka tisa tulidhani usajili ni mambo ya timu za mpira, kumbe sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ipo tangu 1967, Namba 12, na inagusa hata watu 14 wa kwenye baraza. Yaani kisheria hakukuwa na mtu aliyenyang'anywa kitu. Hakuna aliyekuwepo.

Tukaenda na ya pili na ya tatu kwa pamoja. Wazee wawili wakaenda shule, kwa upole, bila Kocha. Sisi tukaenda kwenye yadi ya mashua.

Na sasa uamuzi mbovu, ambao mi niliupigia kura. Kocha alikuwa anasema maneno makali, kwamba bila yeye hakuna judo mji huu, kwamba sisi ni wasaliti, na watu walikuwa bado na hasira za yule mtoto. Usiku saa nne mmoja wetu akamtoa kwenye grupu la WhatsApp. Hakuitwa kikao, hakuulizwa, alitolewa tu, mtu aliyetufundisha kuanguka. Na mimi nikaweka dole gumba. Kesho yake alichukua mkanda wake na vijana watano bora akaenda mji mwingine kufundisha huko.

Yadi, mzee akatupa kona chini ya banda la makuti kwa masharti mawili: tusiguse mbao zake, na wajukuu zake wafundishwe bure. Mkeka wa pili tuliujenga kwa akili kidogo. Turubai la plastiki tukalikataa. Mzee alikuwa na tanga kuukuu la jahazi, pamba nzito, limechanika juu lakini tumbo lake zima, mshonaji wa matanga akalipiga viraka na kulishonea kitanzi cha kamba pande zote. Ukilipiga mkono linatoa mlio mzito, dum, halichuni goti, halitelezi. Chini ya maranda tukapanga matairi ya gari yaliyolazwa, tukayajaza maranda ndani na kati yake, hapo bakuli la katikati likapungua sana. Kuna sindano kubwa ya kushonea tanga, na ile ngozi ya kiganjani ya kusukumia sindano, yule fundi alitufundisha kila mmoja kushona pindo, akasema siku likichanika mimi sitakuwepo.

Usajili ulichukua miezi mitano. Katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, fomu, kwenda na kurudi kwa afisa michezo wa wilaya, leo yuko semina, kesho printa haina wino. Karani mstaafu ndo aliyetuongoza, alikuwa anaenda na kiti chake cha kukunja anakaa nje ya ofisi anasoma gazeti mpaka afisa anaona aibu.

Na daftari. Kaunta buku la kurasa 200, kila anayeingia anaandika jina, tarehe ya kuanza, mkanda, ugonjwa, namba ya mzazi. Sheria ikawa mtu hagusi randori kabla hajatimiza mazoezi 20 ya kuanguka na kila zoezi limewekewa sahihi ya aliyesimamia. Mikanda ya kurithi hairuhusiwi mkekani, mgeni anavaa mweupe hata kama kaka yake ni bingwa wa dunia.

Matokeo

Kutoka watu 60 tulianza upya na 9. Mwaka wa 10 tukawa 20 na kitu, mwaka wa 12 wanachama 34 kwenye daftari. Wasichana hawakukatika hata wiki moja, yule dada alihamishia Jumamosi yake kwa shangazi yake ndani ya ua wakati banda linajengwa.

Ila miaka mitatu hakuna aliyepanda mkanda. Mwenye mkanda mweusi wa kutusimamia mtihani alikuwa mmoja na tulimfukuza kwa kidole. Watoto wanaofanya bidii wanakuuliza mwalimu nafanya lini mtihani, unamwambia bado, bado, mpaka anaacha. Nahesabu saba walioacha kwa hilo tu, wawili walikuwa na kipaji ambacho sijaona tena.

Shule, wazee walirudi mara nne. Mara ya tano mkuu alikubali, tulivyoenda na cheti cha usajili na barua yenye mhuri wetu, ambao kusema ukweli niliugonga kwenye karatasi tupu mara nyingi nyumbani kwa raha tu. Stoo ilipofunguliwa, tatami zilizokuwa chini zilikaa kwenye maji ya paa lililovuja, sponji limeoza, panya wamezaa mle. Tulichukua 31. Safari hii tuliandikishana: ni mali ya klabu, shule inapewa vipindi viwili kwa wiki bure.

Mwaka wa 12 karani mstaafu alipanda basi akaenda kumtafuta Kocha, bila kutuambia. Sijui walizungumza nini. Kocha alikuja Jumapili moja, akasimama pembeni ya tanga, akavua viatu, akalikanyaga katikati akasikilizia, akasema hapa pamelala kidogo. Tukamwomba radhi mbele ya watu, mmoja mmoja, mi sauti haikutoka vizuri. Siku hizi anakuja mara mbili kwa mwaka anasimamia mitihani, hakurudi kuwa mwalimu wetu wa kila siku, ana klabu yake kule na ni nzuri.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema tatizo lilikuwa mkuu mpya wa shule. Nakataa. Yeye alisoma karatasi akafanya inachosema karatasi. Wengine wanasema Kocha, na huyo nilimlaumu miaka kadhaa mimi, lakini nani alimpa funguo moja, mfuko mmoja na kichwa kimoja cha kutunzia mambo yote? Sisi. Ilikuwa inatufaa. Mtu anayebeba kila kitu anawaruhusu wengine waje wafanye mazoezi waende nyumbani.

Suala la mtoto aliyeumia na suala la tatami tuliyachukulia kama mikasa miwili. Ilinichukua muda kuona ni jambo moja. Pale tulikosa daftari la kusema nani yuko mkekani, huku tulikosa karatasi ya kusema mkeka ni wa nani, na kote kuwili tulitegemea kwamba mhusika yupo na anakumbuka. Siku hayupo, kasafiri au kahamishwa, hakuna klabu.

Na si ushamba wa Kiafrika huu kama wengine wanavyopenda kusema. Kano mwenyewe alikuwa wa kuazima pale hekaluni na hakukaa muda mrefu, ila kitu alichofanya tangu mwanzo ni kuweka kitabu cha kujiandikisha. Jina la kwanza mle ni Tomita Tsunejiro, na huyo pamoja na Saigo Shiro ndo waliokuja kupewa dani ya kwanza, ngazi ya kwanza ya mkanda mweusi, 1883. Tatami 12 za kuazima na kitabu chao wenyewe. Sisi tulikuwa na tatami 50 na hatukuwa na kitabu. Sensei alitusimulia habari za zile 12 mara mia, za kitabu nimezijua mwenyewe ukubwani.

Kilichofanya kazi: kurudi kwenye maranda haraka. Kama tungesubiri kesi au huruma ya shule mazoezi yakiwa yamesimama, nadhani wale 9 wangekuwa 0. Mkeka wa kujenga kwa mikono una faida nyingine sikuitegemea, kila aliyeshona pindo anauona ni wake, hakuna anayeingia na viatu na hatukuhitaji kubandika tangazo. Wazee pia walifanya kazi kubwa kuliko sisi wenye misuli. Jumamosi ya wasichana ilisimama kwa sababu haikuwa na funguo ya Kocha, ilikuwa na mtu wake na kina mama wake, na hilo lilikuwa mbele ya macho yetu miaka minne bila kulisoma.

Kilichofeli: barua ya mwaka wa 4, hiyo ni wazi. Kumpa kijana wa miaka 17 darasa lenye wageni bila orodha. Na lile dole gumba langu. Kumtoa mtu madarakani kulihitajika, hata leo nasema hivyo, lakini kuna kumtoa kwenye funguo na kuna kumtoa kwenye watu, sisi tulifanya la pili kwa sababu la kwanza lilihitaji kukaa nae uso kwa uso.

Kuna ambalo bado hatujakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Karani mstaafu anataka nafasi ya mwalimu mkuu iwe ya kuchaguliwa kila miaka mitatu kama mwenyekiti. Mi napinga, judo haiendi kwa kura, huwezi kumpigia mtu kura akajua kurusha. Tumeliacha kwenye katiba na nafasi tupu ya mstari mmoja. Funguo za banda ziko tatu sasa, moja anayo mjukuu wa mzee wa yadi, ana miaka 15, mkanda wa kijani, na juzi tanga lilianza kufumuka upande wa magharibi, nilifika saa kumi na moja jioni nikamkuta ameshatoa ile sindano.